Madamu Safi na Darasa la Kamba

Bwana Msimamizi wa Teritware, wilaya yetu ya Uvira, uliyekubali kuketi juani pamoja nasi, Bwana Inspekta wa shule, uliyeshuka kutoka Bukavu kwa barabara ambayo mgongo wako bado unaikumbuka, wajumbe wa Mwami mtawala wetu wa jadi, Padri, Mchungaji na Shehe, mlioketi kwenye benchi moja bila kusukumana, wazazi, walimu wenzangu, wanafunzi wa leo na wa zamani, na wewe, Madamu Safi binti Asani, ambaye kwa ajili yako viti hivi vimetolewa darasani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kuaga. Wanaonifahamu wanajua kwamba katika miaka thelathini ya ualimu sijawahi kusema maneno machache, na leo sioni sababu ya kuanza. Lakini kuna tatizo kubwa zaidi. Hatujui kama tunaaga. Mbuzi wamekwisha kuchinjwa, wali wa Sange uko jikoni, akina mama wamevaa vitenge vya sare, na mtu tunayemuaga hajui kama anaondoka.

Nieleze, maana wengine mmekuja kwa harufu ya nyama tu. Kule Bukavu imefunguliwa shule mpya ya kufundisha walimu. Shule hiyo imemwomba Madamu Safi akafundishe Kiingereza, na zaidi ya hapo akawaonyeshe walimu vijana namna ya kukifundisha. Ni kazi aliyoitamani tangu alipoanza ualimu. Faili lake limo ndani ya mkoba ule mweusi, pale chini ya kiti cha Bwana Inspekta. Na ndani ya faili mna karatasi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa sitini na tatu, isemayo hivi: "Mwalimu huyu hupoteza saa za wanafunzi ufukoni na sokoni. Hafai kuachiwa darasa bila kusimamiwa." Je, mtu aliyeandikiwa maneno hayo atatumwaje kusimamia walimu wengine? Ndilo swali la Bwana Inspekta, na ni haki yake kuliuliza. Jumatatu anarudi Bukavu na jibu.

Karatasi ile ina sahihi chini yake. Sahihi hiyo ni yangu mimi, Déogratias, niliyekuwa direkta, mkuu wa shule hii, hadi mwaka jana.

Naona shingo zinageuka kunitazama. Msinikasirikie bado, tutacheka kidogo kabla ya kufika mwisho.

Uhuru ulipokuja, walimu wa Kibelgiji waliondoka, tukabaki na vitabu vingi na walimu wachache. Baada ya miaka miwili tukaambiwa kwamba watoto wa sekondari wasome na Kiingereza. Nani angekifundisha hapa Uvira? Ndipo familia ya Asani, wafanyabiashara wa ziwani ambao babu zao mnawajua, walipotuambia kwamba binti yao amerudi kutoka Kigoma, alikokaa kwa shangazi yake na kusoma shule ya Kiingereza. Akaja na sanduku moja la vitabu na daftari nene lenye jalada jekundu. Nilimuuliza kilichomo ndani ya daftari. Akanijibu, "Direkta, humu mna misemo ya Waingereza, na pale kila mmoja ulipozaliwa."

Lazima niwaeleze jambo hili, kwa kuwa somo lenyewe ndilo linalobishaniwa. Kila lugha ina maneno ambayo ukiyachukua moja moja hayakupeleki popote. Mwingereza akimsifu mtu aliyeizoea kazi yake, husema kwamba mtu huyo "anazijua kamba". Kamba gani? Karani wa ofisini ana kamba? Wengi wanaochunguza lugha ile husema msemo huo ulizaliwa kwenye merikebu za tanga. Merikebu ilikuwa na kamba nyingi, kila moja na kazi yake, na baharia mgeni hakuwa na faida kwa mtu yeyote mpaka azijue zote, hata gizani. Wengine wanasema hapana, ulianzia kwenye majumba ya michezo, ambako mapazia huvutwa kwa kamba. Madamu aliwaambia watoto yote mawili. Hakuwahi kuwadanganya kwamba ana hakika pale ambapo hana.

Mimi nami nilikuwa na misemo yangu, ya Kifaransa. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: naandika ubaoni, wanakopi, wanakariri, Jumamosi wananisomea bila daftari. Madamu Safi alifundisha vingine. Aliamini kwamba msemo uliozaliwa kwenye kazi ya mikono hueleweka mikono ikiwa kazini. Kwa hiyo siku ya Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nilipopita kukagua madarasa, nilikuta chumba chake kitupu, madawati yanasubiri, na ubaoni kumeandikwa kwa chaki: "Tuko kwenye kamba."

Nilishuka ufukoni na kitabu changu cha mahudhurio kwapani. Nikawakuta watoto ishirini na wawili ndani ya mashua ya tanga ya mzee Ngongo, mjomba wake Madamu, ile iliyokuwa ikibeba mawese na chumvi kati ya hapa na mji wa Baraka. Octave alikuwa ananing'inia kwenye mlingoti. Honorine alikuwa ameshika kamba ya kupandishia tanga, Bahati ameshika ile ya kulikaza kwenye pembe, na kila mmoja alikuwa akitaja jina na kazi ya kamba yake kwa Kiingereza. Mzee Ngongo, ambaye hajui neno moja la Kiingereza, alikuwa akiwasahihisha.

Nikamuuliza, "Mzee, unawasahihishaje na lugha huijui?"

Akanitazama kwa huruma. "Direkta, miye sisikie maneno yao. Niko naangalia mikono. Huyu akitaja kamba na mukono uko kwa ingine, namujua."

Mwezi uliofuata walipanda lori lililokuwa likirudi Sange kuchukua mpunga, wakaenda kwa Eugène, mhunzi. Waingereza husema juu ya mtu mwenye shughuli nyingi kuliko nguvu zake kwamba ana "vyuma vingi mno motoni". Eugène aliwaruhusu watie majembe sita motoni kwa pamoja na kuyafua wenyewe. Walipokuwa wakihangaika na la kwanza na la pili, la sita likawaka cheche, likaungua. Eugène yuko pale nyuma, mwulizeni. Aliniletea jembe lile ofisini, jeusi, limeliwa ncha, akaniambia, "Direkta, hili ni la shule sasa."

Halafu wazazi wakaanza kuja. Mama Pudentienne, mama yake Octave, samahani, nitasema ulivyosema. Uliingia ofisini bila kubisha, ukasimama mbele ya meza yangu.

"Direkta, weye ulituambia mutoto atasoma Kiingereza."

"Ndiyo, mama."

"Anarudi na magamba ya samaki mu nywele. Ninamuuliza, leo mulisoma nini? Ananiambia, samaki mwenye njaa anameza ndoana, anameza uzi, anameza na risasi ya kuzamishia. Basi, direkta, baba yake iko muvuvi. Hiyo angemufundisha nyumbani, tena na ungo wa kumwagia matumbo ya samaki angemupa."

Mama huyu alikuwa anazungumzia msemo mwingine wa Madamu. Mtu anayeamini kila uongo anaoambiwa, Waingereza humfananisha na samaki huyo asiyebakiza kitu. Hakuna watu duniani wanaoweza kuuelewa msemo huo haraka kuliko watoto wa wavuvi wa Uvira. Lakini mimi, direkta, niliona magamba ya samaki tu.

Kwa nini? Mniruhusu niseme ukweli, maana nimezeeka na ukweli haunichoshi tena. Wale walioondoka mwaka wa sitini walikuwa wamesema kwamba tukiachiwa shule zetu zitakuwa viwanja vya kuchezea. Maneno hayo yalinikwama kama mfupa. Nilitaka mgeni yeyote atakayepita akute madawati yamenyooka na watoto wameketi. Darasa tupu lilinitia aibu. Nilihesabu kila saa ya ufukoni kuwa ni saa ya utoro, nikajumlisha, nikaandika ile taarifa, nikatuma nakala Bukavu. Madamu Safi sikumwambia. Nilimwamkia kila asubuhi kama kawaida.

Ukaja mwaka wa sitini na nne, mwezi wa tano. Sitawasimulia maasi, kila nyumba hapa ina habari yake. Niseme tu kwamba wenye kazi ya kalamu, tuliowindwa na waasi, tulikuwa wa kwanza kuogopa, na kwamba mke wangu Ernestine alikuwa amejifungua siku tisa kabla. Barabara ya bonde ilifungwa. Tulibaki na ziwa, na ng'ambo ya ziwa Bujumbura inaonekana, lakini kuona si kufika. Mashua ya Ngongo ilikuwa ufukoni. Vijana wake wawili wa kazi walikuwa wamekimbilia milimani, na yeye mwenyewe mkono wa kuume ulikuwa umevimba kwa jeraha la ndoana, hawezi kufumba hata vidole.

Tulipofika alfajiri na mizigo yetu tulikuta watu kumi na tisa wamekwisha kuketi ndani, Padri, Mchungaji na Shehe wakiwemo, na hakuna wa kuiendesha. Ngongo alikuwa ameketi kwenye usukani, ameushika kwa mkono wa kushoto. Akamwambia mpwa wake, "Safi, watoto wako wako wapi?"

Walikuwa wanakuja. Octave, Honorine na Bahati, kila mmoja na mama yake. Madamu akawaita kwa majina kama anavyoita darasani, na kila mmoja akaenda kwenye kamba yake. Hakuna aliyeuliza ipi.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo pa kucheka. Tulipokuwa tumeacha ufuko na upepo umeshika, niliona aibu kuketi kama mzigo huku watoto wangu wa shule wanafanya kazi. Nikasimama. Nikaona kamba moja imefungwa tu pale, haina mtu. Nikaifungua ili nisaidie.

Ilikuwa ile inayolishikilia tanga lote juu. Likashuka. Likatufunika sisi sote: mke wangu, mtoto mchanga, kuku wa Mama Pudentienne, na viongozi wetu watatu wa dini, ambao chini ya tanga lile walisali kila mmoja kwa namna yake. Nilipochomoza kichwa nilimkuta Honorine amesimama mbele yangu, ana miaka kumi na mitano, ananiambia kwa adabu kubwa, "Direkta, achilia. Kaa pale kwa mizigo."

Nikakaa kwa mizigo. Kutoka mizigoni nikaangalia somo ambalo nililiandikia vibaya. Ngongo anasema neno, Madamu analirudia kwa Kiingereza, na mikono mitatu inakwenda bila kukosea. Upepo ulipolegea na watoto wadogo wakaanza kulia, Madamu alianza kuwauliza wote misemo ya daftari jekundu, hata mama zao wakawa wanajibu. Tulipokaribia ng'ambo tukaona askari wa ufuko wamesimama na bunduki, wanangoja kujua sisi ni nani. Ngongo akafungua kasha lake, akatoa bendera mbili za Kongo, ya kwanza ya uhuru na ile iliyofuata.

"Niko na hizi mbili," akasema, "na sijui ipi ingali na kazi."

Bahati akasema, "Madamu, si ulitufundisha ile ya kuonyesha rangi zako za kweli?" Naye Madamu akatueleza, tungali majini, kwamba zamani merikebu za vita zilipandisha bendera ya watu wengine ili zikaribie adui, kisha zikaonyesha bendera zao zenyewe dakika ya mwisho, na kwamba hapo ndipo Waingereza walipopata msemo wa mtu anayejidhihirisha alivyo. Shehe akauliza, "Na sisi rangi yetu ni ipi?" Mke wangu alimfungua mtoto nepi, nyeupe, akampa Octave, na Octave akaipandisha. Askari wakashusha bunduki. Ilikuwa safi, nawahakikishia, alikuwa ameibadilisha muda mfupi tu kabla.

Tulirudi nyumbani vita vilipohama. Ofisi yangu ilikuwa imeungua na mafaili yote, nami nikajiambia kwamba taarifa yangu imeungua pamoja nayo. Nikanyamaza. Nakala ya Bukavu niliisahau kwa hiari yangu. Ndugu zangu, kuna kusahau kwa namna hiyo, na miaka minne si mingi kwake.

Juzi Bwana Inspekta akafika na faili. Nilikwenda kumwona nikamweleza habari ya mashua. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mzee Déogratias, nafurahi kwamba hamkuzama. Lakini mimi sitafuti nahodha. Nataka kujua kama watoto walijifunza Kiingereza." Nilikasirika nusu saa nzima. Kisha nikaona kwamba ameuliza swali ambalo mimi, direkta, sikuliuliza mwaka wa sitini na tatu. Nilihesabu saa, sikuwauliza watoto.

Kwa hiyo jana niliwauliza. Niliwaita Octave, ambaye sasa ni karani wa bandari. Honorine, anayefundisha kule Lubarika. Na Bahati, anayesubiri mtihani. Nikawaketisha kila mmoja peke yake. Misemo ya daftari jekundu ilikuwa arobaini. Misemo yangu ya Kifaransa niliyowakaririsha mwaka uleule, arobaini vilevile. Octave alikumbuka ya Madamu thelathini na mmoja, Bahati thelathini na minne, Honorine yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja alisema hakuwepo siku hiyo, alikuwa na homa. Kila mmoja alinipa maana, akanipa na chanzo, na pale ambapo chanzo hakijulikani akasema hakijulikani. Niliwauliza juu ya yule paka aliyetolewa mfukoni, yaani siri iliyofichuka. Bahati akanijibu, "Wanasema ni sokoni, muuzaji alikuwa anatia paka mu mfuko, anadanganya iko mutoto wa nguruwe. Lakini Madamu alituambia tusiamini sana, kwa sababu paka na nguruwe hawalii sawa. Tulijaribu."

Nikamuuliza, "Mlijaribu wapi?"

"Ku soko ya Sange, Direkta. Siku ile uliandika tuko watoro."

Na misemo yangu arobaini? Honorine alikumbuka mitatu. Bahati hakukumbuka hata mmoja, akaomba radhi. Octave alikumbuka mmoja, ule ambao Wafaransa humtajia mtu aliyezimia, kwamba "ameanguka kwenye matofaa", yale matunda ya Ulaya ya kwenye vitabu. Nikafurahi. Nikamwuliza maana yake. Akafikiri, akasema, "Ni mutu ametoka soko na matunda, akateleza."

Bwana Inspekta, hesabu hizo ziko hapa, kwa mwandiko wangu, na watahiniwa wote watatu wako mbele yako. Waulize upya, usiniamini mimi. Nimekwisha kuonyesha kwamba naweza kukosea kwa maandishi.

Madamu Safi, kwako nina neno fupi, kweli fupi. Karatasi ile umeiona jana kwa mara ya kwanza. Nilikuwepo. Uliisoma mara mbili, ukaikunja kama ilivyokuwa, ukamrudishia Bwana Inspekta. Nilingoja useme. Ukaniuliza, "Direkta, mtoto wa Mama Ernestine ameanza shule ya watoto wadogo?" Nikajibu kwamba ataanza mwezi wa tisa. Ukasema, "Atakuwa amekua." Ni hayo tu. Tangu jana natafuta mtu wa kunikemea, nimemkosa, kwa hiyo nimeamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, hadharani, mbele ya mke wangu, ambaye atanisaidia tukifika nyumbani.

Nimeandika taarifa nyingine. Naisoma.

"Mimi, Déogratias, direkta mstaafu, nafuta taarifa yangu ya mwezi wa sita mwaka wa sitini na tatu kwa sababu ilikuwa na kosa. Saa nilizohesabu kuwa zimepotea zilikuwa saa za somo, na sikuhudhuria hata moja hadi mwisho. Mwalimu Safi binti Asani huwafundisha watoto maneno pamoja na kazi iliyoyazaa, nao hawayasahau. Nimewapima. Hahitaji kusimamiwa. Naomba walimu vijana wapelekwe kwake, na ikiwa siku moja mtu atakuta chumba chake kitupu, aulize wameenda wapi, awafuate, akae, asikilize. Uvira, Julai, mwaka wa sitini na nane."

Bwana Msimamizi, nakuomba utie jina lako kama shahidi, na mzee Ngongo aweke dole gumba lake; mkono wake umepona. Wazazi, walimu, wanafunzi, mmenivumilia juani kuliko nilivyostahili, na kwa masikio yenu nawashukuru sana. Bwana Inspekta, karatasi ni hii. Ishike pembeni, wino haujakauka.